Kuhamia kazi ya kutengeneza programu huku unalea watoto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wazazi wanaotaka kuacha taaluma waliyoizoea na kuingia kwenye utengenezaji wa programu za kompyuta huuliza maswali yanayofanana. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa kadiri ninavyoielewa kazi hii na ninavyowafahamu wazazi walioijaribu njia hiyo. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: wengi wanaokwama hawakwamishwi na ugumu wa somo. Wanakwamishwa na ratiba iliyobuniwa kwa ajili ya mtu asiye na mtoto. Wanaichukua kama ilivyo, wanashindwa kuifuata, kisha wanajihukumu kuwa hawana akili ya kompyuta.

Umri wangu umesogea na nina watoto. Je, nimechelewa?

Hujachelewa. Kijana wa miaka 22 anaweza kukushinda kwa wepesi na kwa saa nyingi alizonazo, lakini sehemu kubwa ya kazi hii si kuchapa msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Ni kumsikiliza mtu anayetaka kitu asichoweza kukieleza vizuri, kukigawa kitu hicho vipande vidogo, kuamua kipi kianze, na kuandika maelezo ambayo mwenzako atayaelewa wewe usipokuwepo. Muuguzi, mhasibu, mwalimu au karani wa bohari amefanya mambo hayo kwa miaka mingi. Anachokosa ni ufundi wenyewe, na ufundi hufundishika.

Ubaguzi wa umri upo, sitauficha. Kuna waajiri wanaotaka vijana tu na hawabadiliki. Nguvu zako zipeleke kwa wale wanaotengeneza programu za sekta uliyotoka, maana huko miaka yako inahesabiwa kama ujuzi.

Tena wazazi si wageni katika kazi hii. Mwaka 1962, nchini Uingereza, Stephanie Shirley alianzisha kampuni ya Freelance Programmers akiwa nyumbani kwake. Aliwaajiri hasa wanawake waliokuwa wameacha kazi baada ya kuolewa au kujifungua, akawapa kazi za kufanyia majumbani mwao. Katika wafanyakazi 300 wa mwanzo, 297 walikuwa wanawake. Miongoni mwa kazi zao ilikuwa programu ya kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde. Shirley mwenyewe alikuwa na mtoto mdogo, na simu ya mteja ilipoita aliwasha kanda yenye sauti za mashine ya kuchapa ili kelele za mtoto zisisikike. Alisaini barua zake kwa jina la Steve, kwa sababu alipotumia jina lake la kike hazikujibiwa.

Lazima niwe na shahada ya kompyuta, au niwe hodari wa hesabu?

Shahada hufungua baadhi ya milango, na wapo waajiri ambao bila hiyo hawatasoma barua yako. Wapo pia wengi wanaotazama kazi ulizotengeneza. Kuhusu hesabu, tovuti na programu za kawaida za biashara zinahitaji hesabu za shule ya msingi na fikra za mpangilio: kama hili ni kweli, fanya lile, rudia mpaka orodha iishe. Hesabu nzito zinakuja ukielekea kwenye michezo ya kompyuta, usimbaji fiche au utafiti wa akili mnemba (AI).

Muda nitaupata wapi?

Hili ndilo swali kuu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Anza kwa kuiandika wiki yako kama ilivyo, si kama unavyotamani iwe. Nani anaamka saa ngapi, nani anapelekwa wapi, chakula kinapikwa lini, usingizi unakujia wakati gani. Ukishaiona kwenye karatasi, tafuta aina mbili za muda. Kuna muda mzito, ambao hakuna anayekuita na kichwa chako bado kina nguvu. Kuna muda mwepesi, wa vipande vipande: unamsubiri mtoto amalize mazoezi, uko kwenye foleni, au amelala lakini anaweza kuamka wakati wowote.

Muda mzito usiutumie kutazama video. Huo ni wa kuandika programu na kusaka hitilafu, kazi zinazotaka ushike mambo mengi kichwani kwa wakati mmoja. Kusoma, kutazama masomo, kurudia dhana na kupanga hatua zinazofuata vinaweza kufanyika katika muda mwepesi, hata kwenye simu. Nimeona wazazi wengi wakifanya kinyume: usiku nyumba ikitulia wanafungua video, kwa kuwa ndiyo kitu rahisi kwa mtu aliyechoka, halafu wanashangaa miezi imepita na hawajaweza kuandika chochote bila kufuatisha mwalimu. Mzazi mwenye saa 4 nzito kwa wiki anayezilinda vizuri atamwacha mbali mwenye saa 10 za kutazama.

Pili, panga ukijua kwamba utakatizwa. Mtoto atalia, na utaondoka katikati ya sentensi. Kinachouma si dakika zile za kumhudumia. Kinachouma ni dakika 20 za kutafuta ulikuwa wapi. Kwa hiyo, kila unaposimama, hata kwa haraka, andika mstari mmoja juu kabisa ya faili: nilikuwa najaribu kitu hiki, kinakataa kwa sababu hii, hatua inayofuata ni ile. Jifunze Git, zana inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, tangu wiki za mwanzo na uwe unahifadhi mabadiliko madogo madogo yenye maelezo yanayoeleweka. Ukishajua kuandika majaribio, yaani programu ndogo zinazokagua kama msimbo wako unafanya kazi, acha jaribio moja linaloshindwa kwa makusudi. Ukirudi utaliendesha, nalo litakuonyesha pa kuanzia. Wahandisi wa kazini hufanya hivi hivi, na sisi wazazi tunalazimika kuyajua mapema.

Tatu, vipande vifupi vya kila siku ni bora kuliko siku moja ndefu. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe kuhusu kusahau, akaonyesha kwamba marudio yaliyotawanywa hukaa kichwani kuliko yaliyolundikwa pamoja. Utafiti mwingi wa baadaye umekubaliana naye. Dakika 40 kwa siku 6 zinafaa kuliko Jumamosi nzima ya kujinyima, ambayo pia inaiondolea familia siku yake.

Na usingizi usiuguse. Najua ushauri wa kuamka saa kumi alfajiri unapendwa. Kama unalala mapema, sawa. Kama ni kukata usingizi ubaki na saa 5, utatumia saa nzima kutafuta mabano uliyosahau kuyafunga, na asubuhi watoto watampata mzazi mwenye hasira.

Itachukua muda gani mpaka niajirike?

Tufanye hesabu ya wazi. Mtu anayesoma siku nzima, saa 40 kwa wiki, hutimiza saa 400 ndani ya wiki 10. Wewe mwenye saa 8 kwa wiki utazifikia baada ya wiki 50, na katika mwaka kuna likizo za shule, mafua na wiki ambazo hazieleweki. Saa 400 zinakutoa kwenye ujinga wa mwanzo na kukuwezesha kutengeneza kitu kidogo kinachofanya kazi. Kazi ya kwanza kwa kawaida hudai zaidi ya hapo. Kwa mzazi anayesoma pembeni ya kazi nyingine, miaka 2 ni makadirio ninayoyaona ya haki, na 3 si aibu. Matangazo ya miezi 3 yanamzungumzia mtu ambaye hana anayemtegemea.

Niache kazi kwanza ili nisome vizuri?

Nakusihi usiache, isipokuwa nyumba ina kipato kingine cha uhakika kinachotosha mahitaji yote. Hofu ya fedha hula akili kuliko uchovu. Anayesoma huku akiba inapungua huanza kuomba kazi kabla hajawa tayari, anakataliwa, anavunjika moyo.

Iko njia ya katikati ambayo watu huisahau: kuanzia hapo hapo ulipo kazini. Kama ofisi yenu ina ripoti inayotengenezwa kwa mkono kila mwezi, jifunze kuifanya kwa programu. Kama takwimu zenu ziko kwenye lahajedwali, jifunze SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, na Python, lugha ya kuandikia programu, uzichambue. Omba ruhusa kabla ya kugusa taarifa za watu. Mtu aliyeandika programu moja inayotumiwa kweli na wenzake ana hadithi ya kazini, na hadithi hiyo ina uzito kuliko vyeti vitano. Wengine hupewa nafasi mpya ndani ya taasisi ile ile bila kupita sokoni.

Nianze na lugha gani?

Ukitaka tovuti na vitu vinavyoonekana kwenye kivinjari: HTML na CSS za kuunda na kupamba kurasa, kisha JavaScript. Ukivutiwa na takwimu au kurahisisha kazi za ofisini: Python. Zote mbili ni lugha zilizokomaa; Python ilitolewa mwaka 1991 na JavaScript mwaka 1995, na hazielekei kutoweka. SQL ongeza kwa vyovyote vile, kwa sababu karibu kila programu ya biashara ina hifadhidata nyuma yake.

Chagua moja ukae nayo mwaka mzima. Kuhamahama kati ya lugha ni anasa ya mwenye muda.

Kozi za bure, shule za muda mfupi za kulipia, au chuo?

Masomo ya bure yaliyopo ni mazuri kweli. CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard, inayofundishwa na David Malan, iko wazi mtandaoni kwa yeyote. Inaanza na Scratch, lugha ya kuunganisha vipande vya picha, inapita kwenye lugha ya C, inafika Python, SQL na utengenezaji wa tovuti. Ni ngumu, na mazoezi yake huchukua muda mrefu kuliko yanavyoonekana, lakini inakujengea msingi. freeCodeCamp, iliyoanza mwaka 2014, hutoa mazoezi mafupi yanayofanyika ndani ya kivinjari, na hilo linamfaa mzazi mwenye dakika 25. The Odin Project inakutaka uweke zana kwenye kompyuta yako na ujenge miradi halisi tangu mapema. MDN, tovuti ya nyaraka, ni mahali pa kurejea kila unaposahau kitu cha HTML, CSS au JavaScript.

Shule za kulipia zinauza vitu viwili: mpangilio na watu wa kusoma nao. Vyote vina thamani. Kabla ya kulipa, uliza ratiba ikoje mtoto akiugua: masomo yanarekodiwa? Unaweza kuahirisha kundi bila kulipa upya? Uliza pia takwimu za ajira zinahesabiwaje, kwa sababu shule inaweza kumhesabu kuwa ameajiriwa mtu anayefanya kazi isiyohusiana kabisa. Mikataba ya kusoma kwanza na kulipa ukishaajiriwa isome neno kwa neno. Mwezi Aprili 2024, mamlaka ya Marekani inayolinda watumiaji wa huduma za fedha iliipiga marufuku BloomTech, iliyojulikana awali kama Lambda School, kutoa mikopo kwa wateja, baada ya kuona kuwa iliwapotosha wanafunzi kuhusu gharama ya mikopo na kiwango cha wahitimu waliopata ajira.

Chuo kina maana kama mwajiri wako anakulipia, au kama unakoelekea wanadai shahada. Ushauri wangu kwa walio wengi: miezi 3 ya masomo ya bure kwanza. Usipoipenda kazi yenyewe katika miezi hiyo, hujapoteza karo ya watoto.

Kiingereza changu ni cha wastani. Nitaweza?

Nyaraka nyingi na ujumbe wa hitilafu viko kwa Kiingereza, hilo halikwepeki. Habari njema ni kwamba maneno ni machache na hujirudia. Weka daftari la maneno unayokutana nayo, andika maana kwa lugha yako mwenyewe. Baada ya miezi michache utakuwa unasoma nyaraka bila kusitasita, hata kama mazungumzo ya kawaida bado yanakupa shida. Maelezo ya msimbo wako unaojifunzia yaandike kwa Kiswahili kama ndivyo unavyofikiri.

Nina mtoto mchanga. Nianze sasa au nisubiri?

Kama umejifungua juzi, pumzika. Watu wanasema likizo ya uzazi ni nafasi nzuri ya kujifunza, na kwangu hilo ni kumwonea mzazi. Mtoto akianza kulala kwa mpangilio unaotabirika, hata usingizi mmoja wa mchana, hapo kuna dakika za kuanzia. Kabla ya hapo, sikiliza mazungumzo ya watu wa fani ukiwa unanyonyesha, kama unafurahia. Usipofurahia, acha.

Mwenzangu haoni maana ya jambo hili. Nifanye nini?

Mara nyingi mwenzi hapingi kompyuta. Anaona mzigo wa nyumba ukimwelemea huku mwisho hauonekani. Basi mwonyeshe mwisho. Kaeni mkubaliane siku na saa zilizo zako, na siku na saa ambazo ni zake kabisa kwa mambo yake. Mpe tarehe ya kutathmini, tuseme baada ya miezi 4, na mseme mapema mtatazama nini: mradi uliokamilika, gharama zilizotumika, hali ya nyumba. Makubaliano yasiyo na tarehe huzaa manung'uniko.

Jambo moja ninalosisitiza: saa zako zikifika, mwenzako ndiye anayewajibika kwa watoto, kikamilifu. Kama kila baada ya dakika tano unaulizwa soksi ziko wapi, huo si muda mzito hata kama umeandikwa ukutani. Ukiweza, toka nyumbani. Nenda maktaba, au kaa ofisini nusu saa baada ya kazi.

Ninalea peke yangu. Je, inawezekana?

Inawezekana, na ni ngumu zaidi, na sitaki kukupamba maneno. Kinachosaidia ni kubadilishana zamu na mzazi mwingine: Jumamosi moja watoto wote kwako, inayofuata wote kwake. Saa 3 za namna hiyo kila wiki mbili zinaweza kubeba sehemu yako yote ya kuandika programu, na siku nyingine ukabaki na kusoma tu. Punguza lengo la kila wiki mpaka liwe dogo kiasi kwamba hata wiki mbaya hulikosi. Dakika 90 zinatosha kuwa lengo. Zikizidi, ni faida.

Pia tazama kwa karibu mafunzo ya kazi yanayolipwa. Outreachy, kwa mfano, imekuwa ikiwalipa wanafunzi wake kufanya kazi kwenye programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, kwa miezi 3 wakiwa mbali, na inawakaribisha watu wanaokumbana na ubaguzi katika fani hii. Inadai muda mwingi kwa wiki, hivyo omba ukiwa na mpango wa nani atakaa na watoto.

Mtoto aliugua wiki mbili, sikugusa kompyuta, sasa naona nimesahau kila kitu.

Hujasahau kila kitu. Umesahau maelezo madogo, na hayo hata wahandisi wa miaka 15 huyatafuta kila siku. Ukirudi, usifungue somo jipya. Chukua programu ndogo uliyokwisha kuiandika, ifute kipande kimoja, kiandike upya. Siku mbili za hivyo zinatosha kukurudisha. Somo jipya lifuate baadaye.

Nijenge nini cha kuwaonyesha waajiri?

Acha programu za orodha ya mambo ya kufanya na za kikokotoo. Waajiri wameziona mpaka zimewachosha. Jenga kitu kinachotatua tatizo unalolijua kutoka ndani. Aliyekuwa muuguzi ajenge kipanga zamu kinachokataa kumpangia mtu zamu ya usiku na ya asubuhi mfululizo. Mwalimu ajenge daftari la maendeleo linaloonyesha mwanafunzi aliyeanza kushuka kabla ya mtihani. Mzazi yeyote anaweza kujenga rekodi ya chanjo na dawa inayokumbusha dozi kwa kuzingatia saa ya dozi iliyopita. Tumia taarifa za kubuni, kamwe usiweke za mtoto wako kwenye hazina ya msimbo iliyo wazi kwa kila mtu mtandaoni.

Miradi miwili iliyokamilika inatosha. Kukamilika maana yake iko mtandaoni mtu aibonyeze, ina maelezo ya jinsi ya kuiendesha, ina majaribio machache, na historia yake ya Git inaonyesha ulivyoikuza hatua kwa hatua. Historia hiyo wanaoajiri huitazama: inaonyesha kama unafikiri kwa mpangilio au ulimwaga kila kitu kwa siku moja.

Akili mnemba inaandika msimbo yenyewe. Kuna haja ya kujifunza?

Hofu hii ina msingi, na nisingemwamini anayekwambia hakuna kilichobadilika. Tangu ChatGPT itoke mwezi Novemba 2022, zana za aina hii zimekuwa sehemu ya kazi ya kila siku. Kipindi hicho hicho kampuni kubwa za teknolojia zilipunguza watu wengi, na nafasi za wanaoanza zimekuwa finyu. Kazi ndogo ndogo zilizokuwa za kumfundishia mgeni, zana hizi huzifanya kwa sekunde.

Ila zana hizo hukosea kwa kujiamini. Zinaweza kutumia amri isiyokuwepo kutoka kwenye maktaba ya msimbo, yaani mkusanyiko wa msimbo ulioandikwa tayari, au kuandika msimbo unaokwenda vizuri kwa watumiaji 10 na kukwama kwa 10,000, au kuacha mlango wazi kwa mtu anayeingiza maneno ya hila kwenye fomu. Lazima awepo anayeweza kuusoma msimbo, kuushuku, kuujaribu na kuwajibika ukiharibika. Kwa hiyo kusoma msimbo wa wengine na kutafuta hitilafu kumepanda thamani. Jifunze hivyo viwili mapema kuliko kozi za zamani zilivyokuwa zikishauri.

Katika miezi ya mwanzo, itumie kama mwalimu wa kukueleza, usiitumie kama mtu wa kukufanyia kazi. Mwombe akueleze ujumbe wa hitilafu, akupe zoezi jingine la aina ile ile, akuulize maswali. Msimbo uandike mwenyewe. Mzazi mwenye saa chache hushawishika sana kunakili jibu amalize. Nakuelewa, lakini saa uliyoiokoa leo utaidaiwa kwenye usaili, pale utakapoombwa kueleza mstari ambao hukuuandika.

Kuna kazi za karibu na hii ambazo ni rahisi kuingia?

Zipo: upimaji wa programu, msaada wa kiufundi kwa wateja, uchambuzi wa takwimu, uandishi wa nyaraka. Zisidharauliwe. Upimaji, hasa, unamfaa mtu aliyezoea kufikiria kitu gani kitaharibika. Margaret Hamilton, aliyeongoza utengenezaji wa programu za ndani ya vyombo vya anga vya Apollo kule MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, alikuwa akienda na bintiye mdogo maabara jioni na mwisho wa wiki. Siku moja mtoto akicheza na kifaa cha kuigiza safari alibonyeza vitufe vilivyoanzisha programu ya kabla ya kurushwa, chombo kikiwa "angani", na mfumo ukaanguka. Hamilton alitaka kuweka kinga; akaambiwa wanaanga hawawezi kufanya kosa hilo. Desemba 1968, katika safari ya Apollo 8, mwanaanga Jim Lovell alilifanya, na takwimu za uelekezaji zikafutika. Ndiyo kazi ya mpimaji: kubonyeza kile ambacho hakuna aliyetarajia kibonyezwe.

Nina pengo la miaka kwenye wasifu wangu. Niliseme vipi? Na watoto niwataje?

Pengo liandike kwa mstari mmoja: malezi ya familia, pamoja na masomo ya kutengeneza programu, na miaka yake. Usiombe radhi. Pengo lililoachwa wazi humfanya msomaji akisie, na makisio yake huwa mabaya.

Watoto huna wajibu wa kuwataja katika usaili, na katika nchi nyingi sheria inamzuia mwajiri kukutendea vibaya kwa ajili yao. Ukiulizwa, unaweza kujibu kwamba saa za kazi zilizotajwa unazimudu, kisha urudi kwenye kazi. Upande mwingine, mtu akikunja uso kwa kusikia una watoto, amekupa taarifa muhimu bure.

Kazi za majaribio za kufanyia nyumbani uulize ukomo wake. Kampuni ikisema ni saa 3 na wewe umeona ni za siku 4, una haki ya kuomba muda zaidi au kukataa. Siku 4 za mzazi hutoka mahali fulani.

Nikipata kazi ya kufanyia nyumbani, nitaokoa gharama za kumlipa mlezi?

Kwa mtoto mdogo, hapana. Utaokoa safari, utakula naye mchana, utamwona akirudi shule. Lakini huwezi kuhudhuria kikao, kuandika programu na kumwangalia mtoto wa miaka 2 kwa wakati mmoja, na mwajiri wa kawaida hatakubali. Gharama ya mlezi iingize kwenye hesabu zako tangu siku ya kwanza ya mshahara. Watoto wakubwa wanaojitegemea baada ya shule ni habari tofauti.

Nimepewa ofa. Niulize nini kabla ya kukubali?

Uliza kuhusu zamu za dharura. Timu nyingi huwa na mtu anayeamshwa usiku mfumo ukianguka. Jua zamu inakufikia baada ya muda gani, inalipwa au hailipwi, na anayeanza huingizwa lini. Uliza vikao vya lazima viko saa ngapi, hasa kama wenzako wako kwenye majira tofauti ya saa, kwa sababu kikao cha saa kumi na mbili jioni kila siku kinaangukia kwenye kuogesha na kulisha. Uliza nani atahakiki msimbo wako na kwa kawaida huchukua siku ngapi. Mgeni asiye na wa kumhakiki hukwama, na kukwama humlazimisha kufanya kazi usiku.

Halafu uliza swali hili, kwa utulivu kabisa: mara ya mwisho mtu wa timu hii alipolazimika kuondoka ghafla mchana kwa sababu ya mtoto, ilikuwaje? Sikiliza kama wanakumbuka tukio la kweli au wanakusomea sera. Yale watakayokuahidi kuhusu saa na zamu, omba yaandikwe kwenye mkataba au angalau kwenye barua pepe kabla hujatia saini.